Alcide Plourde Hakuuliza Mara Mbili

Siku Alcide Plourde alipoingia mara ya kwanza uwanjani kwa Laurette Soucy, Laurette alikuwa chini ya trekta, miguu tu ndiyo inayoonekana, na yule mzee akaisalimia miguu. Alivua kofia kabisa mbele ya buti mbili zenye grisi, akasema, "Habari za asubuhi, mama. Mimi Alcide, wa klabu ya pikipiki za theluji. Nimekuja kuhusu njia."

"Njia gani?" miguu ikauliza.

"Hii inayopita shambani kwako."

Hapo Laurette akajivuta nje. Shamba lile la marehemu Fortunat Dubé alikuwa amelinunua kiangazi kilekile, tena baada ya kulikagua pembe kwa pembe, na hakuna aliyemwambia habari ya njia. Laurette alianza maisha kwa kununua trekta moja lililokufa, akalifufua, akaliuza, akanunua mengine, mpaka uwanja ukajaa vyuma. Mtu wa namna hiyo hapendi kugundua kwamba ndani ya mali yake kuna kitu cha watu ambacho hakikutajwa wakati wa kupatana.

"Fortunat aliwaruhusu?"

"Tangu njia ianze. Kila Novemba, viazi vikishatoka, nakuja namwomba, ananipa mkono."

"Na yeye alikuwa anapata nini?"

Alcide akatazama alichokibeba, kimefungwa kwa taulo la jikoni. "Pai ya nyama," akasema.

"Pai nitaimaliza kesho. Nyinyi mtapita hapa mpaka Aprili."

"Ni kweli."

"Mkono mtupu haulambwi, mzee."

"Si mtupu, mama. Una pai."

Laurette alitaka kucheka, akajizuia. Anayecheka kabla ya mapatano kufungwa amekwisha kupunguza bei. Akamwonyesha kwa kidole bonde lililokuwa nyuma ya ghala. "Ng'ambo ya kijito kile nina ardhi nzuri. Fortunat alikuwa anailima kwa farasi, wanavuka majini. Trekta langu likishuka pale halipandi. Nataka daraja."

"Daraja la kubeba nini?"

"Trekta, na tela lililojaa viazi."

Alcide akakitazama kijito, midomo ikicheza kama anayetafuna. Laurette alidhani anatafuta namna ya kukataa, kumbe alikuwa anachagua miti. "Boriti za mwerezi," akasema mwishowe. "Mbao za juu za msonobari. Mikono tutaleta sisi. Kabla ardhi haijaganda liwe limesimama."

"Basi tuandikiane."

"Hatuandikiani, mama. Tunapeana mkono."

"Na nikikugeuka?"

"Ardhi ni yako. Ukisema ndiyo, nashukuru, napita. Ukisema hapana, nashukuru, nang'oa vijiti vyangu, natafuta pengine. Siulizi mara mbili msimu mmoja. Novemba ijayo nakuja tena na kofia mkononi, kana kwamba hatujapata kuonana."

Wakapeana mikono. Kiganja cha mzee kilikuwa kigumu kama gome, na kilipungukiwa vidole viwili vilivyobaki kwenye kiwanda cha mbao. Lile neno la kutouliza mara mbili Laurette hakulitia maanani. Maisha yake yote ya kuuza na kununua alikuwa amewasikia watu wakiapa kwamba hawarudi tena, na wote aliwaona wakirudi kabla ya chakula cha jioni.

Daraja lilijengwa Jumapili, baada ya misa, kwa sababu siku nyingine watu wa klabu walikuwa na kazi, au na daktari. Wengi walikuwa wastaafu wa kiwandani na wakulima waliokwisha kuwaachia vijana mashamba. Walikuja na misumeno yao, minyororo yao, na sufuria la maharage lililofukiwa tangu jana yake kwenye makaa. Hakuna aliyelipwa. Wengine hata pikipiki za theluji walikuwa wameacha kupanda, viuno haviruhusu tena, lakini vuli ikifika walirudi porini kukata miti iliyoangukia njia, kuziba mahali maji yalipochimba, kupigilia vijiti vya rangi ya chungwa kandokando ya mashamba ili mgeni asiyekijua kijiji asikanyage ngano ya mtu. Wageni waliokuja wakati wa baridi, wakateleza toka mto hadi mto kama waliotandikiwa kitanda, walidhani njia ile imejitengeneza. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Aliyekuwa majini siku ile ya daraja ni Gilman Hafford, rafiki wa Alcide tangu kiwandani, mtu ambaye mdomo wake haukuwa na breki.

"Alcide!" akaita, maji magotini. "Huyu mama amekupa nini unywe? Fortunat tulimpa pai, huyu tunamjengea barabara kuu!"

"Fortunat hakuwa na trekta kubwa."

"Na huyu akinunua ndege?"

"Tutamjengea uwanja. Shika gogo."

Laurette alikuwa amesimama ukingoni na birika la kahawa, macho yake yakizunguka kila kiungo. "Gogo hilo limepinda," akasema.

"Bosi," Gilman akamjibu, "hata mimi nimepinda, na bado nabeba."

Wote wakacheka, lakini Alcide alilitazama lile gogo, akalitoa bila neno, akaenda msituni kukata jingine. Tena akaongeza kitu ambacho Laurette hakuomba: mbao nene kandokando ya daraja, za kuzuia gurudumu lisichomoke. "Siku ya ukungu utazishukuru," akamwambia. Laurette aliona huo ni udhaifu. Mtu anayetoa ambacho hakuombwa hajui thamani ya alicho nacho. Lakini alizishukuru, siku ya ukungu, kimoyomoyo, na trekta lake likiwa na gurudumu moja linalosugua mbao zile.

Miaka ikaenda hivyo. Kila Novemba kofia, kila Novemba pai, na kila Novemba Laurette aliomba kitu: mwaka huu wamkatie miti iliyotia kivuli shamba, mwaka ule wamsafishie theluji njia ya kuingilia kwake. Alcide alikubali. Alikuwa mteja asiyejua kushusha, na Laurette alimpenda kama mfanyabiashara anavyompenda mteja wa aina hiyo, yaani kwa kumdharau kidogo.

Siku za pai Alcide alikaa kwa kikombe kimoja, na kwa vikombe hivyo Laurette akamjua. Alizaliwa katika nyumba ya watoto wengi kuliko vitanda, wote waokota viazi. Alioa Imelda, msichana wa upande wa pili wa mto. Njia ya kwanza waliipasua wao wawili na wenzao wachache, wakiwa vijana, Imelda akiwa nyuma ya pikipiki, ameshika shoka mapajani. Pai zilikuwa za Imelda. Alipolazwa na ugonjwa ambao hakuinuka nao, alimfundisha mumewe kuzipika kwa sauti, toka chumbani, mlango ukiwa wazi: tia chumvi, si hiyo, nyingine, kanda taratibu, humkandi adui yako. Tangu hapo Alcide alizipika mwenyewe, wiki nzima kabla ya kwenda kuwaomba wenye mashamba, moja kwa kila mlango.

Walikuwa na mtoto mmoja, Pierrette, aliyehamia kusini, Connecticut, huko ambako theluji ikianguka watu hukasirika.

"Amenitengenezea chumba," Alcide alimwambia Laurette siku moja. "Sakafu yenyewe ina joto. Unakanyaga pekupeku Januari."

"Si vizuri?"

"Vizuri sana." Alilisema kama mtu anayesifu jela. "Kanipa sharti. Siku nitakayoshuka kwenye tingatinga, anakuja kunichukua. Nikiwa bado naendesha, ananiacha nilipo. Kwa hiyo mimi, mama, naendesha."

Tingatinga lenyewe lilikuwa mali ya klabu, zee, la minyororo ya mpira, likiburuta nyuma yake sahani pana ya chuma ya kulainisha theluji. Walilibatiza Bibi. Kila alfajiri ya baridi Alcide alimwasha Bibi, akatoka naye kijijini, akapita shamba baada ya shamba mpaka barabara kuu ya kaskazini, akarudi. Njia ya namna ile ni kama kamba ya ndoo kisimani. Iwe ndefu namna gani, ikikatika mahali pamoja hakuna maji. Mgahawa, pampu ya mafuta, vyumba vichache vya kulala wageni, vyote vilikunywa kwenye ndoo hiyo, na Alcide mwenyewe alikuwa ameshikilia kamba ili asichukuliwe. Laurette aliyajua yote hayo. Katika kazi yake, kujua mwenzako anahitaji nini ndiyo nusu ya mapatano.

Ndipo akanunua mashine kubwa ya kuvunia viazi, na mashine haikutosha darajani.

Novemba hiyo Alcide alikuja, kofia mkononi. Laurette hakumkaribisha ndani kwanza. Alisimama mlangoni akamwambia anataka daraja pana, mara mbili ya lile.

"Mama, watu wangu wamezeeka," Alcide akasema. "Gilman mgongo umekwisha. Wengine umewazika nasi. Daraja hilo mwaka huu hatuliwezi."

"Basi mwaka huu hapana."

Alilitamka kama alivyolitamka maisha yake yote, wepesi, macho pembeni. Kwake neno hilo lilikuwa hodi tu. Yaliyobaki alishayapanga: mzee atakuna kichwa, aseme labda tuongeze boriti moja kila upande, yeye ataguna, atasema ana hasara, watapeana mkono. Kwa kweli hata kubadilishiwa zile mbao za juu zilizoanza kuoza angelikubali.

"Asante, mama," Alcide akasema. "Nakushukuru kwa miaka yote." Akaweka pai kwenye ngazi, akavaa kofia.

"Ichukue pai yako, basi, kama hakuna biashara!" Laurette akamchokoza.

"Pai si ya biashara," mzee akajibu bila kugeuka.

Kabla ya adhuhuri alikuwa shambani anang'oa vijiti, kimoja kimoja, anavifunga mafungu. Laurette alimtazama dirishani, na moyoni karibu afurahi. Mwishowe mzee amejifunza kucheza, akawaza. Anaonyesha kwamba anaweza kuondoka. Jumatatu atakuwa hapa.

Jumatatu hakuja. Theluji ya kwanza ikaanguka, ya pili ikailalia, na alfajiri Laurette alijikuta anasikiliza. Bibi alikuwa na mngurumo wa kukohoa, ulipita nyuma ya ghala kila baridi wakati yeye anakoroga kahawa. Sasa kulikuwa kimya. Simu ilikuwa ukutani, namba ya Alcide anaijua kwa kichwa. Hakuigusa. Kwenye biashara anayepiga simu kwanza ndiye anayelipa, na sheria hiyo ndiyo iliyokuwa imemtoa kwenye trekta moja bovu ikamfikisha hapo alipo.

Kabla ya Krismasi Gilman alikuja kununua betri.

"Mzee wako hajambo?" Laurette akauliza, kana kwamba anauliza hali ya hewa.

"Hajambo. Anatoboa barafu."

"Barafu gani?"

"Ya Ziwa Picard. Si umetufungia shamba, bosi? Msitu wa kule juu ni jabali tupu, Bibi hapandi. Imebaki ghuba. Kila siku tuko na keekee, tunatoboa, tunapima, tunatia vijiti."

Laurette akaifuta betri vumbi, ingawa haikuwa na vumbi. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Lilikuwa dogo, lingetosha kwenye kifuniko cha betri. Akasema, "Mwambie anajua nilipo."

"Anajua ulipo," Gilman akasema, akiiinua betri kwa mguno. "Ndiyo maana kazunguka."

Barafu ya ziwa lile wanaijua hata watoto. Ni nzuri, ila pale kijito kinapoingia, maana maji yanayotembea hayalali usingizi mzito. Kijito chenyewe ni kilekile kinachopita chini ya daraja la Laurette. Alcide alipitisha vijiti vyake mbali na mdomo wa kijito, na desturi yake ilikuwa ileile ya wote: pikipiki ipite kwanza ishindilie theluji, baridi iachwe ishuke mpaka kwenye barafu na kuinenepesha, ndipo tingatinga lipite. Theluji iliyoshindiliwa hupitisha baridi. Theluji laini ni blanketi.

Januari mvua ikanyesha, kitu ambacho zamani hakikuwako, kisha usiku mmoja theluji nyingi laini ikaifunika mvua. Jumamosi ilikuwa sikukuu ya baridi ya kijiji. Vyumba vya wageni vilijaa, mgahawa ulishaagiza nyama. Gilman alisema waahirishe.

"Tushindilie kwanza, tungoje baridi," akasema.

"Watu wanakuja kesho," Alcide akamjibu. "Wakikuta njia imekatika mwaka huu, mwakani hawaji. Wasipokuja, nani atahitaji tingatinga? Na mimi nitaambiwa nini na Pierrette?"

"Utaambiwa una joto miguuni."

"Washa pikipiki, Gilman. Nifuate kwa mbali."

Asubuhi ilikuwa nyeupe na tulivu. Bibi alikwenda vizuri mpaka katikati ya ghuba. Halafu, Gilman alisimulia baadaye, hakukuwa na mshindo. Bibi alikaa chini, matako kwanza, kama mwanamke mzima aliyechoka, na maji meusi yakapanda juu ya theluji. Alcide alitoka kwa kidirisha cha paani, akalala kifudifudi kando ya shimo, na Gilman akamtupia kamba. Alimpata. Lakini kutoka pale hadi nyumba ya kwanza ni mbali kwa mtu aliyelowa, juu ya pikipiki, kwenye upepo wa ziwa.

Hospitalini waliokoa mapafu kwa shida. Mguu wa kushoto hawakuuokoa wote.

Laurette alizipata habari mgahawani. Hakuna aliyemsemesha vibaya. Waliinua macho tu alipoingia, wakarudi kwenye sahani zao, na yule mwenye mgahawa akamletea kahawa bila kumwuliza kama anataka. Alirudi nyumbani, akatoa nyama, akatoa unga. Hakuwa mpishi. Pai iliungua upande mmoja.

Akaenda nayo hospitali. Alcide alikuwa mdogo kitandani, ndevu zimeota, macho yaleyale.

"Mbona hukurudi?" Laurette akamwuliza, hata kabla ya kukaa.

"Kurudi wapi, mama?"

"Kwangu! Nilikuwa nakungoja. Novemba yote, Desemba yote, nakungoja."

"Ulisema hapana."

"Ile ilikuwa hapana ya kwanza!"

Alcide akaanza kucheka, na cheko likageuka kikohozi, muuguzi akachungulia. "Mimi," akasema alipopata pumzi, "sikujua kuna ya pili."

"Kila mtu anajua."

"Wewe unauza matrekta, Laurette." Hakuwahi kumwita kwa jina. "Mteja anakuja kwako anataka, nawe unataka, mnavutana, ni haki yenu. Mimi naomba ardhi ya watu bure. Nikimwuliza mtu mara mbili, nimemwonea. Ataniambia ndiyo kwa aibu. Ndiyo ya aibu siwezi kupita juu yake na tingatinga."

Laurette akaiweka pai kwenye meza ya kando ya kitanda. Akafanya alichokijua. "Basi pita," akasema. "Shamba lote, ukitaka katikati. Sitaki daraja, sitaki kitu."

"Nipite na nini? Bibi yuko chini ya ziwa."

"Bibi nitamtoa mimi."

"Mimi nimeshashuka kwenye tingatinga," Alcide akasema taratibu, akageuza uso ukutani. "Pierrette yuko njiani."

Pierrette alikuja kweli, mwanamke mpole mwenye koti lisilofaa kwa baridi ile, akafunga nyumba ya babake, akamwaga mabomba maji yasigande. Alcide alitolewa hospitali akaingizwa garini moja kwa moja. Gari halikupita kijijini. Ilikuwa mbali, alisema Pierrette, na baba amechoka.

Laurette alimtoa Bibi. Alileta winchi zake na minyororo yake, wazee wa klabu wakakata barafu, na baada ya kazi ndefu ya baridi na matusi Bibi akapanda akidondosha matope. Gilman, mgongo umefungwa mkanda, alisimama akitazama.

"Bosi, ungekuja na mtambo huu Novemba, tungepasua hata lile jabali."

"Novemba hamkuniomba."

"Hapana," Gilman akasema. "Tulikuomba shamba."

Kiangazi chote injini ya Bibi ilikuwa mezani kwa Laurette vipande vipande, na vuli ikanguruma, na kikohozi chake kilekile. Kilichobaki ni ruhusa. Kamba ya ndoo ilikuwa na mafundo mengi, kila fundo mlango wa mtu, na Alcide hakuwako. Gilman alisema yeye mdomo wake utawaudhi. Laurette akasema atakwenda mwenyewe. Kupatana na watu ndiyo kazi yake.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mjane mmoja wa kilimani, ambaye shamba lake njia ililikata pembeni. Alimkaribisha, akamwandalia chapati za ngano nyeusi na siagi, akauliza habari za Alcide. Laurette alipofikia neno la njia, mjane akafuta mikono kwenye aproni.

"Njia ilikuwa ya Alcide," akasema. "Yeye ningempa apite hata sebuleni."

"Unataka nini ili ukubali? Taja."

"Nataka nini?" Mjane akamtazama kama mtu aliyekuja kumpima jeneza. "Nimesema hapana, Laurette."

Wiki iliyofuata Laurette alirudi kwake na ahadi nono zaidi: kumsafishia theluji, kumtengenezea trekta. Alijua anachofanya. Ile ilikuwa hapana ya kwanza. Safari hii mlango haukufunguliwa, ingawa pazia lilitikisika. Na kabla hajafika nyumba ya tatu, neno lilikuwa limemtangulia bondeni: huyo anauliza mara mbili. Wengine walikubali, nusunusu, kwa aibu. Wengine walikataa. Njia yenye matundu si njia. Baridi hiyo hakuna pikipiki iliyofika barabara kuu, na kufikia Machi mgahawa ulikuwa unafunguliwa siku za mwisho wa wiki tu.

Februari ya baridi hiyohiyo simu ya Laurette ililia.

"Daraja bado limesimama?" ilikuwa sauti ya Alcide, nyembamba, kama inatoka ndani ya kopo.

"Limesimama."

"Mbao za upande wa kaskazini zibadilishe. Ndizo zinazooza kwanza."

"Nitabadilisha. Huko hali gani?"

"Mvua. Sakafu ina joto." Akakohoa. "Vijiti umeviona?"

"Vijiti gani?"

"Vyangu, vya shambani kwako. Nilivisokomeza chini ya daraja lako, pakavu pale. Nilijua Novemba nitakuja tena, nikaona nisivibebe bure."

Laurette akaegemea ukuta. Muda wote ule alidhani mzee aling'oa vijiti akaondoka navyo. "Unataka nini, Alcide?" akamwuliza. Lilikuwa swali lake la siku zote, lakini hakupata kuliuliza akiwa hana anachotaka yeye. "Sema chochote."

Alcide akafikiri. "Unga wa ngano nyeusi. Huku wana unga wa kila rangi, huo hawana."

Akamtumia gunia, la kinu kimoja cha ng'ambo ya mto, alikozaliwa Imelda.

Mei, ardhi ilipolainika kiasi cha kupokea jembe, Pierrette alimrudisha babake kuzikwa. Wenye mashamba walikuja wote, hata wa mbali, na baada ya kaburi, kwenye ukumbi wa kanisa, meza ilijaa pai za nyama. Hakuna aliyekuwa amepanga. Kila nyumba ilileta yake. Gilman alizitazama, mdomo wake usiokuwa na breki umefungwa, akatoka nje.

Laurette alikuwa anawasha gari lake Pierrette alipomfuata, amebeba gunia. Lilikuwa limeshonwa vilevile lilivyotoka kinuni.

"Hakulifungua," Pierrette akasema. "Nilimwambia nitampikia, akasema sitaweza, kikaango changu si chake. Lakini alitaka liwe chumbani, pale anapoliona. Nadhani ni lako."

Laurette alilipokea. Alifikiria kusema hapana, akaona haifai. Akashukuru.

Nyumbani alishuka kwanza kijitoni, lile gunia begani, kutazama vile vijiti. Maji ya masika yalikuwa juu, yanakimbilia ziwani. Chini ya daraja aliviona vijiti, mafungu yaliyofungwa vizuri kwa kamba, rangi ya chungwa haijapauka. Mbao za kaskazini zilikuwa zimeoza, kama alivyoambiwa. Mwerezi wa chini ulikuwa mzima. Ungemzika yeye Laurette na bado ukabeba viazi. Ng'ambo, ardhi yake nzuri ilikuwa tupu na nyeusi, haina alama ya mtu.

Akapanda nyumbani, akafungua gunia kwa kisu, akapima unga kwenye bakuli. Unga hautupwi. Chapati ya kwanza ilishika kikaangoni, akaikwangua, akamimina nyingine.